Mgonjwa India Kusini: Pesa za Mchango Zisiishie Kwenye Kodi ya Chumba

Haipiti muda katika makundi yetu ya WhatsApp, kuanzia Lamu hadi Vanga, bila ya kuletwa picha ya mgonjwa, barua ya daktari na nambari ya M-Pesa. Chini ya barua ile huwa pana jina la mji: Chennai, Vellore, Bengaluru, Hyderabad au Kochi. Watu wetu ni wepisi wa mkono. Msikitini pataombwa, harusini patapitishwa kofia, jamaa walioko Gulf watatuma chao, na ndani ya wiki chache zile pesa za upasuaji zitapatikana inshallah.

Lakini ndugu msomaji, itazame vizuri ile barua ya hospitali. Imeandikwa gharama ya upasuaji, vipimo, dawa na siku za kulazwa. Haikuandikwa pahala pa kulala wale waliomsindikiza mgonjwa, wala pale atakapolala mgonjwa mwenyewe akisharuhusiwa kutoka wodini lakini daktari bado anamtaka aje kwa ukaguzi kila baada ya siku tatu. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Safari iliyopangwa kwa wiki mbili huwa mwezi na nusu, na kila jua likichwa chumba kinadai chake.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Familia moja imechukua chumba cha rupia 2,500 kwa usiku kwa sababu ndicho walichoonyeshwa siku ya kwanza wakiwa wamechoka. Familia nyengine imechukua cha rupia 1,000, kisafi, karibu na hospitali ile ile. Kwa usiku 45 tofauti yao ni rupia 67,500. Rupia moja ni karibu shilingi moja na nusu yetu, kwa hivyo hiyo ni shilingi laki moja na ushei. Kwa mgonjwa wetu laki moja ni dawa za miezi, au ni tiketi ya kurudi kwa ukaguzi wa pili. Kwa hivyo suala la chumba si suala la starehe. Ni sehemu ya matibabu.

Mambo ya kumaliza kabla ya kupanda ndege

Chumba rahisi huanzia kwenye karatasi. Wakenya wanaweza kuomba viza ya India kwa mtandao, na katika aina zake ipo ya mgonjwa na ipo ya msindikizaji. Mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wasiozidi 2 kwa viza hiyo. Viza ya mtandao ya matibabu ni ya siku 60 tangu kuingia, na kama matibabu yamerefuka huombewa nyongeza huko huko, kupitia mtandao wa idara yao ya wageni inayojulikana kama FRRO. Usiende na viza ya utalii ukiwa na mgonjwa wa kulazwa. Hospitali itakutaka viza inayolingana na shughuli iliyokupeleka.

La pili ni cheti cha homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo India inataka cheti hicho, na hawana mchezo nacho. Chanjo inatakiwa iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, awe ni mgonjwa au ni mama yake mgonjwa. Kila msindikizaji awe na chake. Kadi ukishachanjwa ni ya maisha, usiitupe.

La tatu ni idadi ya watu. Hapa lazima tuambiane ukweli. Hospitali nyingi za kule huruhusu mtu mmoja tu kulala kando ya mgonjwa, tena kwa pasi maalumu. Wakienda wasindikizaji wawili, mmoja anahitaji chumba nje kuanzia usiku wa kwanza. Si kila shangazi anayempenda mgonjwa ni lazima asafiri. Mtu mmoja mwenye afya, anayesoma Kiingereza vizuri na asiyeona haya kuuliza, anatosha mara nyingi. Wa pili awe na sababu: mgonjwa hajiwezi, ni mtoto mchanga, au ni mwanamke anayehitaji maharimu.

Kwa nini loji nyengine hukukataa

Wengi wetu wakifika huko hushangaa. Ubao umeandikwa vyumba vipo, Mhindi aliyekuja nyuma yako amepewa funguo, wewe umeambiwa pamejaa. Yapo ya rangi, tusidanganyane. Waafrika wamelalamika sana kuhusu jambo hilo nchini India. Lakini ipo sababu nyengine ya kisheria, na ukiijua utaokoa miguu yako.

Sheria ya India inamtaka kila anayempokea mgeni wa nje, iwe ni hoteli, loji au nyumba ya mtu, apeleke taarifa za mgeni huyo kwa idara ya wageni ndani ya saa 24. Taarifa hiyo watu wa huko wameizoea kwa jina la Fomu C. Loji ndogo nyingi hazijajisajili kwenye mtandao huo, au mwenyewe hataki usumbufu wa polisi. Yeye rahisi kwake ni kusema pamejaa.

Kwa hivyo ukipiga simu au ukisimama kaunta, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: munapokea wageni wa nje, na munajaza Fomu C? Akisema ndiyo, endelea. Akisema hapana, shukuru uende zako, hata kama chumba ni cha bure.

Na akikwambia atakuchukua kimya kimya bila ya fomu, kimbia. Siku viza yako itakapohitaji kuongezwa, FRRO watataka uthibitisho wa mahali unapoishi. Kama loji haikukuandikisha, huna uthibitisho, na wewe una mgonjwa mwenye mshono ambao haujapona. Hiyo nafuu ya rupia mia mbili kwa usiku itakuja kukugharimu mara kumi. Kila loji utakayohamia, omba nakala ya fomu iliyopelekwa, uiweke pamoja na pasipoti.

Watakutaka nakala ya pasipoti na ya viza, na pengine picha ndogo. Chapisha nakala kumi kumi nyumbani kabla hujaondoka. Pasipoti yenyewe waione, waipige picha, kisha irudi mkononi mwako.

Mitaa ya kutafuta

Kanuni ya kwanza ni hii: chagua chumba kwa miguu, si kwa picha za simu. Chumba cha mbali kwa rupia 700 na tuktuk mara nne kwa siku ni ghali kuliko chumba cha rupia 1,000 ambacho unatoka mlangoni na kuliona lango la hospitali.

*Chennai.* Wazee wetu waliijua kwa jina la Madras. Hospitali kubwa ya moyo na maradhi mengine ambayo wengi wetu huenda iko Greams Road, na ile mashuhuri ya macho, Sankara Nethralaya, haiko mbali nayo, upande wa Nungambakkam. Vichochoro vya Greams Road na mtaa wa Thousand Lights vimejaa nyumba za wageni zilizozoea wagonjwa kutoka nje, kwa hivyo Fomu C kwao ni kazi ya kila siku. Ukitaka nafuu zaidi na mazingira ya Kiislamu, teremka hadi Triplicane. Huko kuna msikiti mkubwa wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795, kuna biriani kila kona, na kuna nyumba za ghorofa wanazoziita "mansion" zilizojengwa kwa ajili ya vijana wa kazi. Hizo mansion nyingi ni za wanaume watupu na vyumba vyake ni vidogo, hazimfai mgonjwa wala familia, lakini loji za kawaida zipo ubavuni mwake. Kutoka uwanja wa ndege treni ya metro inafika kituo cha Thousand Lights na cha Central, kwa nauli ndogo sana ukilinganisha na teksi. Ukifika usiku wa manane ungojee ianze alfajiri, ikiwa mgonjwa anaweza kukaa.

*Vellore.* Ni mji mdogo, kiasi cha kilomita 140 kutoka Chennai, unaoishi kwa hospitali yake ya CMC iliyoanzishwa mwaka 1900. Hapa ndipo mahali pepesi zaidi kwa mtu wa kipato cha chini. Ng'ambo ya lango la hospitali, Gandhi Road, Babu Rao Street na vichochoro vyake ni loji juu ya loji. Wagonjwa wengi wa Vellore hutoka Bengal na Bangladesh na hukaa wiki nyingi, kwa hivyo loji za hapa zimezoea kukodisha vyumba vyenye jiko na hata sufuria. Jambo moja la kuangalia: CMC sasa ina kampasi nyengine kubwa upande wa Ranipet, nje ya mji. Kabla ya kulipia chumba, soma kwenye barua yako utatibiwa kampasi gani.

*Bengaluru.* Hospitali ya moyo inayojulikana sana na watu wetu iko Bommasandra, kwenye Hosur Road, kusini kabisa mwa mji. Watu husikia kwamba Waislamu wako Shivajinagar na Frazer Town, wakaenda kulala huko, halafu kila siku wakala saa nzima na zaidi kwenye foleni ya magari. Lala Bommasandra karibu na hospitali, na Shivajinagar uende siku ya mapumziko kula na kununua zawadi. Tangu Agosti 2025 kuna laini ya metro inayofika Bommasandra, kwa hivyo safari hiyo imekuwa nyepesi. Uzuri wa Bengaluru ni hewa. Mji uko juu, kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari, na chumba kisichokuwa na AC kinavumilika takriban mwaka mzima.

*Kochi.* Kerala ndiko mtu wa pwani atakapojiona yuko nyumbani: minazi, samaki, nazi ndani ya mchuzi, na vyakula kama appam ambavyo ukivitazama utasema hivi si vibibi? Fort Kochi na Mattancherry kuna nyumba za wenyeji zinazopokea wageni, na bei hushuka miezi ya mvua, Juni hadi Septemba, watalii wakiondoka. Lakini hospitali kubwa ziko upande wa bara. Anayetibiwa Edappally asilale Fort Kochi kwa ajili ya kuona bahari. Bahari ataiona akirudi kwao.

Kabla hujatoa pesa

Usilipie mwezi mzima ukiwa Mombasa kwa picha ulizotumiwa. Lipia usiku mmoja, au mitatu kwa wingi. Ukishafika, muache mgonjwa apumzike, wewe toka asubuhi utembee vichochoro vitatu ukaone vyumba kwa macho. Ukipata kizuri, hapo sasa zungumza bei ya mwezi. Chumba cha mwezi hupunguzwa vizuri ukilinganisha na cha usiku mmoja mmoja, ila lazima uombe, hawatakwambia wenyewe.

Haya ndiyo ya kuuliza na kuyaona:

- Siku yao inahesabiwaje? Loji nyingi za kusini huhesabu saa 24 tangu ulipoingia. Nyengine siku yao huisha saa sita mchana hata kama umeingia alfajiri. Ndege zetu nyingi, za kupitia Addis Ababa, Dubai au Doha, hufika usiku au alfajiri. Ukiingia saa kumi alfajiri kwenye loji ya hesabu ya mchana, unaweza kudaiwa siku mbili ndani ya saa nane.
- Bei ni pamoja na kodi ya serikali? Waulize mapema, na risiti iandikwe.
- Kuna lifti, na wakati umeme ukikatika kuna jenereta? Jenereta nyengine huendesha taa na feni tu, haziendeshi lifti. Mgonjwa wa moyo kwenye ghorofa ya nne ni mfungwa.
- Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Aliyepasuliwa goti, nyonga au tumbo hawezi kuchuchumaa. Ingia uone mwenyewe.
- Maji ya moto yanatoka saa ngapi? Pahala pengi ni asubuhi tu. Na ya kunywa ni ya madumu ya lita 20 yanayoletwa mlangoni. Uliza bei yake.
- Kuna jiko, na nyama inaruhusiwa? Kuna nyumba ambazo wenyewe hawali nyama wala hawataki ipikwe chini ya paa lao. Ni haki yao. Bora ujue kabla hujanunua kuku.
- Amana ni kiasi gani, na inarudishwa lini? Iandikwe kwenye karatasi. Nyumba za kupanga za kawaida, hasa Bengaluru, hutaka amana ya miezi mingi na mkataba wa miezi 11. Hizo si za mgonjwa wa wiki sita, hata kama kodi yake inaonekana ndogo.

AC nayo ifikiriwe kwa msimu. Chennai na Vellore kuanzia Aprili hadi Juni ni moto mkali, na Vellore iliyo mbali na bahari ni zaidi. Mtu mwenye kidonda hawezi kulala kwa feni miezi hiyo. Oktoba hadi Disemba ni mvua za upande wa Chennai, na mitaa ya chini hufurika. Omba chumba cha ghorofa ya kwanza kwenda juu. Januari na Februari feni inatosha.

Kwa anayepita usiku mmoja tu akingojea treni, vituo vikubwa vya reli vina vyumba vya kupumzikia abiria, vya saa 12 au 24. Sharti lake ni uwe na tiketi ya safari. Ni vya kawaida sana lakini bei ni ya chini na huhangaiki na mizigo usiku.

Lugha, chakula na swala

Sisi tuliokulia na filamu za Kihindi tukidhani tunakijua Kihindi, tutapata mshangao. Chennai wanazungumza Kitamil, Bengaluru Kikannada, Kochi Kimalayalam. Kihindi cha filamu kwa dereva wa Chennai hakikusaidii kitu, na wengine hawapendi kuzungumzishwa nacho. Kiingereza chepesi ndicho kitakachokutoa. Mtu akikutikisia kichwa huku na huku usidhani amekataa. Mara nyingi amekubali.

Neno jengine la kuchanganya ni "hotel". Kusini mwa India ubao wa "hotel" aghalabu ni mkahawa, hauna hata kitanda kimoja. Cha kulala ni "lodge" au "guest house". Na ukiona "mess", ni mama ntilie wao. Ukiona "meals", ni wali na mboga na michuzi yake, aghalabu juu ya jani la mgomba, na wali huongezwa hadi utosheke. Ndicho chakula rahisi kuliko vyote, na kwa kuwa ni cha mboga, Muislamu hana wasiwasi nacho. Ukitaka kubeba umpelekee mgonjwa, sema "parcel" na wataelewa.

Nyama ya halali haina shida Triplicane, Vellore, Shivajinagar wala Kerala. Ambur, mji ulio baina ya Vellore na Bengaluru, una biriani yenye jina India nzima, ingawa kwa mgonjwa tunashauri uji kwanza. Uji wenyewe upo: Ramadhani katika Tamil Nadu misikiti hupika uji wa mchele wenye viungo, "nombu kanji", ukagawiwa wakati wa kufuturu. Jirani na mgeni wote hupata.

Akina mama waelewe kwamba misikiti mingi ya huko haina sehemu ya wanawake. Chumba kiwe na nafasi ya kutandika mswala, na uulize kibla siku ya kwanza: ukiwa kusini mwa India Makka iko magharibi, imeelemea kaskazini kidogo. Si kaskazini kama tulivyozoea hapa.

Pesa, tuktuk na treni

Rupia hazibebwi kutoka Kenya. Beba dola, na ubadilishe kwenye duka lenye leseni, upewe risiti. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu ya siku ya kwanza. Kama jamaa yako aliyerudi India zamani amekupa noti zake za akiba, zitazame: noti za 500 na 1,000 za zamani ziliharamishwa Novemba 2016, na za 2,000 zilianza kuondolewa mwaka 2023. Huko kila mtu hulipa kwa simu, hadi muuza ndizi, lakini mfumo wao umefungamana na benki za huko na M-Pesa yetu haiingii. Kwa hivyo tembea na noti ndogo ndogo.

Kwenye karatasi za hospitali utaona tarakimu zimeandikwa hivi: 2,50,000. Usishtuke. Hiyo ni laki mbili na nusu. Laki yao ndiyo laki yetu, ila wao huweka alama kwenye laki, sisi kwenye elfu. Na kila kitu cha dukani kilichofungwa, kuanzia maji hadi sabuni, kimechapishwa bei yake ya juu kabisa pamoja na kodi. Hakuna wa kukutoza zaidi ya hiyo.

Tuktuk ni zile zile unazozijua za Mombasa, wao huziita "auto". Kubaliana bei kabla ya kupanda, au itisha kwa simu kupitia programu za usafiri ili bei uione kwanza. Kwa hilo unahitaji laini ya simu ya huko. Ichukue siku za mwanzo kwa pasipoti na viza, maana nambari nyingi za siri za uthibitisho hutumwa kwa laini ya India tu.

Baina ya mji na mji panda treni. Reli ya Chennai hadi Bengaluru hupita Katpadi, ambacho ndicho kituo cha Vellore. Kutoka Chennai ni kiasi cha saa mbili, kisha tuktuk kilomita chache hadi hospitali. Tiketi huanza kuuzwa siku 60 kabla, na za karibu na sikukuu humalizika. Daraja la kulala bila AC ni rahisi mno. La AC la vitanda vitatu ndilo la kumuwekea mgonjwa. Omba kitanda cha chini. Tiketi iliyoandikwa WL maana yake uko kwenye foleni ya kungojea, usiende nayo kituoni ukidhani una nafasi.

Madalali

Kila penye mgonjwa mgeni pana mtu wa kumsaidia kwa malipo ambayo hayasemwi. Dereva atakwambia loji uliyoitaja imefungwa, ana nyengine. Wakala atakupa furushi zima: viza, gari, chumba, mkalimani. Wako waaminifu, na kwa mtu asiyesoma ni msaada. Lakini muombe aandike kila kimoja na bei yake. Furushi lisilofunguliwa huwezi kujua ndani yake chumba ni rupia ngapi.

Njia ya bure ipo. Hospitali kubwa zote zina ofisi ya wagonjwa wa kimataifa. Waandikie barua pepe kabla ya kusafiri, uwaulize majina ya loji zilizo karibu zinazopokea wageni wa nje. Kisha pigia loji wewe mwenyewe. Ukifika, ongea na wagonjwa wenzako kwenye benchi la kungojea. Mtu aliye wiki ya tano anajua kila kichochoro na kila bei.

Wa mwisho ni sisi tunaochanga. Kamati za michango zikiandika bajeti, ziweke mstari wa malazi na chakula kwa siku 45 badala ya 14, na ziweke fungu la dharura. Mchangaji akiuliza pesa ngapi ni za chumba, asionekane ana roho mbaya. Amefanya jambo la maana. Na kila familia inayorudi salama, pamoja na shukrani zao, waandike ukurasa mmoja: loji gani, mtaa gani, bei gani mwezi gani, Fomu C walijaza au hawakujaza. Ukurasa huo ukiwekwa na imamu au mzee wa mtaa, atakayefuata hataanza upya gizani na mizigo na mgonjwa mkononi.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote, walioko huko na walioko majumbani.